Maua ya Jumapili

Ijumaa, 1 Septemba
Chama cha wakulima wa vanila kimetugawia madaftari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili idadi ya maua, ya tatu "maelezo". Nikamuuliza mgawaji, maelezo gani? Akasema, "Lolote, mama." Haya. Kama ni lolote, basi nitaandika nitakalo. Mavyaa wangu Kalolaine hawezi kusoma mwandiko wangu, anasema ni nyayo za kuku.
Maua 11.

Jumamosi, 2 Septemba
Maua 26. Ua la vanila hufunguka alfajiri, na jua la mchana likishakaza, ua limekwisha. Hapa Vava'u, visiwani Tonga, hakuna mdudu wa kulihudumia, kwa hiyo mdudu ni mimi. Nainua kile kikope cha ndani kwa mwiba wa mlimau, nasukuma chavua kwa kidole gumba, nahamia jingine. Tunasema tunayaozesha. Lililoshika hubaki mtini, lisiloshika huanguka kesho yake.
Mkono wangu ni mwepesi, sijisifu. Leo Kalolaine kasema mbele za watu, "Mkono wa Saane ungetia mimba hata mlingoti. Kasoro iko huko kwingine." Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Jumapili, 3 Septemba
Nimeyaona njiani kwenda kanisani, yapata arobaini, yamefunguka yote. Hayaguswi. Jumapili hakuna kazi, ni amri ya Mungu na sheria ya nchi. Tuliporudi yalikuwa yamesinyaa.

Jumanne, 5 Septemba
Maua 44.
Tulikuwa tunakula, magimbi na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui. Kalolaine akafuta vidole, akasema kwamba ameandikisha jina la mume wangu Lisiate katika kundi linalokwenda Australia kuchuma matunda. Wanaondoka Desemba.
"Ukishika mimba kabla maua hayajaisha, atabaki amlee mwanawe," akaniambia. "Usiposhika, aende zake, na wewe urudi kwenu ukapumzike."
Ukapumzike! Miaka sita nafua nguo zake, nasuka mikeka yake, leo nimechoka nikapumzike. Nikamtazama Lisiate. Alikuwa anatafuna. Nikamtazama mpaka akameza, na baada ya kumeza akachukua gimbi jingine.
Baadaye shambani nikamuuliza, "Mbona hukusema kitu?"
"Mama anaongea tu, Saane."
"Jina lako liko kwenye orodha au haliko?"
"Liko."

Ijumaa, 8 Septemba
Maua 61. Mvua asubuhi. Ua likilowa chavua haishiki.

Jumapili, 10 Septemba
Yamefunguka, yameanguka.

Jumanne, 12 Septemba
Damu. Maua 58.

Jumatano, 13 Septemba
Maua 70.
Kalolaine ameona kamba ya nguo akajua. Akaanza upya kunisomea sababu zangu. Nilicheza netiboli shuleni, kuruka-ruka kumepindua mji wa mimba. Nilipanda farasi wa babangu bila tandiko. Naoga maji ya baridi. Nakula pweza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nainuka upesi kitandani, mbegu ikamwagika. Ningekuwa natembelea kichwa labda ningekuwa na watoto saba.
Lakini sababu kubwa anaisema kwa kunong'ona, akitazama mlangoni kwanza. Ni ile keki.
Siku ya harusi yetu keki ilikuwa na ngazi tano. Ngazi ya juu kabisa ni haki ya shangazi wa bwana harusi, dada mkubwa wa baba yake, kila Mtonga anajua. Shangazi wa Lisiate anaitwa Tokilupe. Katika ukoo hakuna aliye juu yake, akikohoa wote wananyamaza. Na mimi, kwa haraka na ushamba wangu, ngazi ya juu nikampa mchungaji, Shangazi nikampa ya pili. Akaitazama. Akasema maneno mawili tu: "Haya, tutaona."
Shangazi aliyekasirika anaweza kulifunga tumbo la mke wa mwana wa kaka yake. Tangu hapo nimeona nini? Sijaona kitu. Kila mwaka namsukia mkeka, anapokea, hasemi neno. Bibi yule ana roho ngumu kama jiwe la tanuri.

Jumamosi, 16 Septemba
Damu imekauka, kwa hiyo zimeanza siku zangu tano. Utaratibu ni wa Kalolaine, tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Mji wa mimba unabaki wazi kidogo damu inapoondoka, basi siku tano hizo Lisiate analala kwangu, anapikiwa samaki wa mchuzi. Zikiisha anahamia nyumba ya mama yake, ng'ambo ya ua, ili mbegu isitikiswe. Anarudi damu nyingine ikishakauka. Dada zake Kalolaine walifuata hivyo hivyo, anasema, na wana watoto.
Maua 83.

Jumatano, 20 Septemba
Maua 40 tu, kwa sababu ya kidole. Mwiba wa mlimau ulinichoma juzi, kikavimba kama kiazi. Nikaenda kituo cha afya. Nesi Silia akakitumbua, akakifunga, kisha akaniuliza, bila kuzunguka, "Na mtoto?"
Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Labda ni uchungu wa kidole. Nilipofika kwenye siku tano akaweka mkasi chini.
"Nani kakwambia mlango unafunguka damu ikiisha?"
"Kila mtu."
"Kila mtu kakudanganya, dada. Damu yako inakuja kwa siku ngapi?"
"Ishirini na nane. Haikosei."
"Basi yai linatoka katikati hapo, yapata siku ya kumi na nne. Damu ilianza tarehe kumi na mbili? Hesabu. Ni tarehe ishirini na tano, siku moja mbele au nyuma. Na yai likitoka haliishi zaidi ya siku. Mbegu ya mume ndiyo inayoweza kungoja, siku tatu, nne. Kwa hiyo itangulie. Wakati yai linatoka, mumeo yuko wapi?"
"Kwa mama yake."
Silia akatazama dirishani, akawa anajizuia kucheka, mimi nikawa najizuia kulia. Ua moja, asubuhi moja. Kazi hii nimeifanya miaka sita. Maelfu ya maua nimeyawahi saa yake, langu mwenyewe nimelikosa kila mwezi. Miezi sabini na kitu! Nilihisi kama mtu aliyekuwa anabisha hodi kwenye ukuta.
Akasema Lisiate naye apimwe, kwani katika nusu ya kesi huwa kuna kitu kwa mwanamume pia. Nikamwambia huyo utampima akishakufa. Akanipa kipimo cha mkojo kimefungwa kwenye karatasi. "Ukichelewa, tumia hiki." Akaendelea kunieleza na mengine, kuhusu damu, damu ya namna gani, lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwa vidole.

Alhamisi, 21 Septemba
Nimemwambia Lisiate kati ya mashina ya vanila. Akakuna shingo.
"Mama akijua?"
"Mama yako anataka mjukuu au anataka ratiba?"
"Na kupimwa? Nipimwe nini, mimi nimewahi kuugua?"
"Kupimwa acha. Njoo tu bandani Jumamosi mchana, mama yako akiwa kwenye mazoezi ya kwaya."
Akacheka. Miaka mingi sijamchekesha mume wangu.

Jumamosi, 23 Septemba
Amekuja. Banda la kukaushia vanila lina harufu mpaka kwenye nywele. Maua 91.

Jumapili, 24 Septemba
Baada ya chakula cha tanuri kijiji kizima kililala. Lisiate akaja bandani mwenyewe, sikumwita. Nikamwambia, "Leo Jumapili, hairuhusiwi kazi."
"Hii si kazi," akasema.

Jumatatu, 25 Septemba
Maua 102. Naye kaja.

Jumapili, 1 Oktoba
Mchungaji amehubiri juu ya Hana aliyelilia mtoto hekaluni. Kalolaine akanigeukia mara tatu, na kila mara akatikisa kichwa kwa huruma. Sikujali. Nilikuwa nahesabu.

Alhamisi, 5 Oktoba
Maua 66. Yale ya mwanzo wa Septemba yameshakuwa na maganda marefu kama kalamu. Vanila hukaa mtini miezi tisa. Nimejikataza kuhesabu mpaka Juni, halafu nikahesabu.

Jumanne, 10 Oktoba
Damu.

Jumatano, 11 Oktoba
Ni kidogo, nyeusi, kama maji ya kahawa. Lakini damu ni damu. Mwenye kuona damu hana mimba, hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Kile kipimo nimekitumbukiza kwenye kopo la nyuzi. Nesi Silia na hesabu zake! Kumbe aliyekuwa kweli ni Kalolaine. Ni laana, na laana haina tarehe.
Sikwenda shambani. Maua sijui.

Alhamisi, 12 Oktoba
Imekatika, siku mbili tu. Kalolaine kasema tumbo linakauka, mwakani nitaona tone moja.

Jumamosi, 14 Oktoba
Nimekwenda kuomba radhi kwa Shangazi Tokilupe.
Nilivaa kiunoni mkeka uliochakaa, umetatuka mpaka magotini, kama mtu aliyefiwa. Begani nilibeba mkeka mpya wa majani ya mkadi, mwembamba kama kitambaa, niliousuka na mama yangu mzazi miezi minne. Nilikuwa nimemwekea mtoto wangu wa kwanza, siku akija. Lisiate alinifuata nyuma akabaki langoni. Mimi nikaketi chini uani kwake, juani, kichwa nimekiinamisha.
Alinikalisha muda mrefu. Nilisikia anakunywa chai ndani, kijiko kinagonga kikombe. Ndipo akatoka.
"Nani huyo?"
"Ni mimi, Shangazi. Mke wa Lisiate. Nimekuja na uso wa aibu. Siku ya harusi nilikosa adabu. Nakuomba unifungulie."
Akaja akauchukua mkeka begani kwangu, akaufunua juani, akapitisha kidole kwenye msuko.
"Hii kazi ya nani?"
"Yangu na mama."
"Nimekusamehe," akasema. Kisha, akiwa ameshageuka, "Keki ile ilikuwa na zabibu?"
"Ndiyo, Shangazi."
"Sipendi zabibu."
Akaingia ndani na mkeka wa mwanangu. Namchukia. Mungu anisamehe, leo hii namchukia kuliko mtu yeyote chini ya jua, na wakati huohuo namwomba Mungu amguse moyo asibadili neno.

Jumapili, 15 Oktoba
Maua yameanguka.

Jumatano, 18 Oktoba
Siku tano zimekwisha, Lisiate karudi kwa mama yake. Sikumbishia Kalolaine, wala Lisiate sikumwita bandani. Hamu sina. Harufu ya vanila inanichefua, mimi! Maua 37.

Jumamosi, 21 Oktoba
Maumivu ubavuni chini, kushoto. Yanakuja yanakwenda.

Jumatatu, 23 Oktoba
Tone la damu tena. Kalolaine anasema laana inatoka, tumbo limegeuka linatafuta mahali pake, sasa linahitaji mkono wa kulisaidia. Atamwita Bibi Hepisi, mkandaji.
Nikafikiria kwenda kwa Silia. Nikaona aibu. Nikamwambie nini, nimeona damu?

Alhamisi, 26 Oktoba
Bibi Hepisi amekuja na mafuta ya nazi. Ni mpole, ana mikono ya moto, aliwakanda mama yangu na dada zake wote. Akagusa kushoto, akasema, "Hapa. Pana fundo. Ndilo lililokufunga." Akalikanda. Niliuma kitambaa.
"Vumilia, mwanangu. Fundo la miaka sita haliondoki kwa kupapaswa."

Ijumaa, 27 Oktoba
Mara ya pili. Anasema fundo linalainika. Bado mara moja, kesho.
Lisiate alisimama mlangoni akasema, "Mama, mbona anatoka jasho hivyo?" Akajibiwa kwamba mambo ya wanawake hayamhusu. Akaondoka.

Jumamosi, 28 Oktoba
Mara ya tatu. Bega linauma, la kushoto, sijui limehusianaje na tumbo. Maua sikuhesabu.

Ijumaa, 3 Novemba
Naandikia kitandani, hospitali ya mjini. Lisiate kaniletea daftari. Nilimwomba hilo tu, yeye akaleta na samaki.
Nataka niiandike Jumapili ile kabla watu hawajanisimulia mpaka ikawa yao.
Tulikuwa kanisani, safu ya wanawake, tumevaa nyeupe. Wimbo wa pili. Nikasikia kitu ndani kushoto kimeachia, kama uzi mnene umekatika. Halikuwa jambo la kupiga kelele hata. Nikaketi. Wenzangu walikuwa wamesimama wanaimba, nikaona sketi zao, kisha nikaona miguu, maana nilikuwa sakafuni.
Kalolaine akainama akanipepea kwa kitabu cha nyimbo. "Ni dawa imefanya kazi," akawaambia waliokuwa karibu. "Tumbo linafunguka. Mwacheni alale, litatulia."
Bibi Hepisi naye akasema nilazwe ubavu. Wakanilaza. Kwaya haikukoma.
Ndipo nikasikia sauti: "Nyamazeni!"
Katika maisha yangu sijasikia mtu akilinyamazisha kanisa la Vava'u katikati ya wimbo. Alikuwa Shangazi Tokilupe, kasimama safu ya mbele, na fimbo yake. Akaja, watu wakimpisha. Akanivuta mdomo wa chini kwa kidole, akautazama.
"Mchungaji, ufunguo wa gari."
Kalolaine akasema, "Wifi, leo Jumapili, na dawa ndiyo kwanza—"
"Kalolaine, kaa chini."
Kalolaine akakaa.
"Lisiate, mbebe mkeo. Umesimama hapo unangoja kuimba?"
Gari la mchungaji ni pikapu. Walinilaza nyuma, na Shangazi, mwanamke ambaye hata kaka zake hawakuthubutu kuketi mahali pamoja naye, akapanda nyuma na nguo yake nyeupe ya Jumapili, akakiweka kichwa changu mapajani pake. Njia nzima alikuwa ananipiga makofi madogo mashavuni. "Usilale. Wewe, mke wa mwanangu, usilale. Nakuamuru." Anga lilikuwa jeupe. Nikauliza kama nakufa. Akasema, "Dada yangu alikufa hivi. Midomo hiyo hiyo, myeupe. Na sisi tulikuwa tunamkanda."
Mengine sikuyaona.
Daktari kanieleza jana, polepole, mara mbili. Nilikuwa na mimba. Wiki ya saba. Ilikuwa imeshika kwenye mrija, haikufika mahali pake, ikakua mpaka mrija ukapasuka. Wametoa mrija wa kushoto. Damu ile ya tarehe kumi haikuwa damu ya mwezi. Nikamuuliza, ni nani kaifanya ishike pale? Akasema hakuna, hutokea. Nikamuuliza, ni mikono ya Hepisi? Akasema mrija ungepasuka hata bila ya mikono, ila tumbo la namna hiyo halikandwi kamwe, na laiti ningekuja mapema wangeweza kunitibu nisifike sakafuni.
Kwa hiyo Silia alikuwa kweli. Hesabu ilikuwa kweli. Tumbo langu halijawahi kufungwa, hata siku moja, na mtu yeyote. Miaka sita nilikuwa mzima!
Lisiate alikuwa ameketi hapo anasikiliza. Akasema, "Wa bandani." Kisha akafunika uso kwa mikono, na samaki wake wakiwa mapajani.

Jumapili, 5 Novemba
Silia kaja kunitazama. Hakusema "nilikwambia". Mimi ndiye niliyemwambia, kwamba sikumsikiliza alipofika kwenye damu. Akanisuka nywele.
Tungoje miezi mitatu, kasema. Mrija uliobaki ni mzima.

Jumatano, 8 Novemba
Nyumbani. Kopo la nyuzi lilikuwa pale pale. Nimekitoa kipimo, bado kiko kwenye karatasi yake. Kimeandikwa mwisho wa kutumika: mwakani.
Kalolaine ananipikia uji, ananipangusa uso, analia kweli. Halafu anafuta machozi anasema, "Bahati mbaya wamekata wa kushoto, ndio wa wavulana. Sasa ni mabinti tu." Na jirani akaongeza kwamba mrija mmoja unashika mwezi mmoja, unaruka mwezi mmoja. Niliwatazama. Zamani ningecheka nao. Leo nilisema, "Uongo." Nikasema tena kwa sauti, "Ni uongo, Mama. Wote. Tangu mwanzo." Akashtuka kama nimemwagia maji. Sijawahi kumkatiza.
Bado ananipikia uji. Nilitaka nimchukie na imenishinda, maana anachokijua ndicho alichofundishwa, na aliponiua alikuwa ananipenda.

Jumamosi, 11 Novemba
Maua 9. Yanakwisha.
Shangazi Tokilupe amekuja. Yeye hajawahi kuja kwetu, sisi ndio tunaokwenda. Kalolaine alitaka kukimbilia jikoni, akaambiwa abaki. Lisiate akaketi chini karibu na mlango. Shangazi alikuwa na furushi kwapani.
Akakaa, akapumua kwanza. Kazeeka, sikuwahi kuona.
"Nitasema mara moja," akasema. "Sijamlaani mtu. Sijui hata kunavyolaaniwa. Siku ile ya keki nilisema tutaona kama kipande kile kitatosha watu wa nyumba yangu. Basi."
"Miaka sita nasikia mnanong'ona. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnaniogopa, na mimi nilipenda kuogopwa. Na mikeka ilikuwa mizuri." Akanitazama. "Siku ile uliponijia umeketi juani, nilitaka kukwambia, mwanangu, inuka, nenda hospitali. Nikaona haya kusema hivyo mkeka nimeshaushika. Nikasema nimekusamehe. Nimekusamehe nini? Ningelisema neno lile, usingelazwa mbele ya Hepisi."
Nilimjibu, "Ni kweli, Shangazi." Sikumpunguzia.
Akakubali kwa kichwa. Akafungua furushi. Ni mkeka wangu, ule wa mtoto. Kalolaine akaziba mdomo, kwa maana shangazi hupokea, harudishi, tangu visiwa vimekuwa visiwa. Akauweka mapajani pangu.
"Lisiate haendi Australia. Kamwambie wa orodha. Na Saane habanduki nyumba hii. Kalolaine, umesikia?"
"Nimesikia, wifi."
"Na tumbo lake mtu asiliguse tena bila daktari. Na mumewe analala kwa mkewe, mwezi mzima, kama watu." Kalolaine akainama. Shangazi akamgeukia Lisiate, "Na wewe, nesi akikuita kupimwa, unakwenda. Ukiniona nimesimama mlangoni kwako na fimbo usiseme hukuambiwa."
"Ndiyo, Shangazi."
Nilidhani amemaliza. Aliinuka kwa fimbo, akafika mlangoni, akasimama akiwa ametupa mgongo.
"Watoto wa mwana wa kaka yangu, jina natoa mimi. Ndiyo haki yangu. Hakuna aliyeniuliza."
"Shangazi," nikasema, "hakuwa hata—"
"Aliingia siku gani?"
Lisiate aliona haya mpaka masikioni. Akasema chini chini, "Tunadhani Jumapili."
"Na akatoka Jumapili. Sapate, basi." Ndivyo tuitavyo Jumapili kwetu. "Anaitwa Sapate." Akaenda zake, fimbo inagonga njiani.
Ndipo nilipolia. Hospitali sikulia.

Jumapili, 12 Novemba
Sikwenda kanisani, mshono unavuta. Kijiji chote kiko huko, naisikia kwaya. Nilijikokota mpaka shambani, nimejifunga ule mkeka mabegani. Yamefunguka matatu, nadhani ya mwisho. Mwiba wa mlimau ulikuwa bado umechomekwa kwenye nguzo. Nikauchukua. Nikainua kikope, nikasukuma kwa gumba. La kwanza, la pili, la tatu. Mungu kama anaona basi kaona.
Ijumaa chama kinakusanya madaftari. Safu ya maua nimeandika 3. Safu ya maelezo nimeandika Sapate. Wakiuliza ni aina gani ya maelezo, nitawaambia ni mwanangu wa kwanza, na mahali pengine pa kumwandika sikupata.